Kodi ya Dhahabu Inapotelea Kwenye Karatasi

Hii ni mada niliyoitoa kwenye semina ya vijana wa chama, Singida mjini. Wengi mliniomba maandishi. Nimeyaweka karibu kama nilivyozungumza, nimepunguza salamu tu.

 

Nimepewa mada ya kodi za makampuni makubwa ya kimataifa na ugomvi wake na serikali. Najua mada ya kodi inaleta usingizi, hasa saa hizi baada ya wali. Lakini mkoa wetu sasa ni mkoa wa dhahabu. Mgodi wa Mang'onyi, wilaya ya Ikungi, ulimimina dhahabu yake ya kwanza Machi 2023. Kwa hiyo hili siyo jambo la Kahama wala la Tarime tena. Limefika nyumbani.

Mimi kazi yangu ni hesabu. Naandika vitabu vya wafanyabiashara hapa mjini: wenye mashine za kukamua alizeti, wauza vitunguu, wenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Siyo mwanasheria. Nitasema kwa lugha ya mtu wa vitabu.

Tuanze na alizeti, kila mtu hapa anaijua. Chukua mzee wa mfano pale Ikungi. Ana shamba kubwa. Tuseme gunia linauzwa shilingi elfu hamsini sokoni. Ana kijana wake mwenye duka mji wa mbali ambako kodi hakuna. Mzee anamuuzia kijana gunia kwa elfu ishirini. Kijana analiuza kwa elfu hamsini. Ukienda Ikungi kukagua vitabu vya mzee, utaona elfu ishirini tu, na ukitoa gharama za kulima mzee hana faida. Elfu thelathini nyingine ziko kule kusikotozwa. Familia ni moja, hela haijatoka nje ya ukoo, lakini Ikungi haina cha kutoza.

Hiyo ni njia ya kwanza. Njia ya pili: kijana anamkopesha baba hela ya trekta kwa riba kubwa. Kila mwaka mzee anaandika riba kama gharama, faida inaisha. Njia ya tatu: kijana anasema jina la alizeti ni lake, ushauri wa kilimo ni wake, kwa hiyo baba amlipe ada. Mzee analipa. Faida inaisha tena.

Sasa badilisha mzee awe mgodi, kijana awe kampuni dada iliyosajiliwa kisiwani. Mmeelewa nusu ya ugomvi wote wa kodi za kimataifa.

Tuelewane hapa. Kufanya biashara na kampuni dada siyo kosa. Kukopa kwa kampuni mama siyo kosa. Sheria yetu ya Kodi ya Mapato ya 2004 inasema tu kwamba ndugu wakiuziana, bei iwe ile ambayo wangeuziana watu wasiojuana. Kanuni zake zilitoka 2014, zikaandikwa upya 2018. Dhahabu yenyewe ina bei ya dunia, kila mtu anaiona kwenye simu yake. Shida iko kwenye vitu visivyo na bei ya soko. Ushauri wa menejimenti kutoka ofisi ya London una thamani gani? Mkopo wa kampuni mama ungepaswa kuwa na riba kiasi gani? Hapo TRA inasema moja, kampuni inasema kumi, na kila upande una kitabu chake. Ndipo kesi zinapozaliwa.

Ndiyo maana kuna kodi ngumu kukwepa na kodi nyepesi kukwepa. Mrabaha ni mgumu kukwepa, kwa sababu unatozwa kwenye thamani ya madini yenyewe. Mwaka 2017 mrabaha wa dhahabu uliwekwa asilimia 6, na ada ya ukaguzi asilimia 1. Mgodi upate hasara usipate, mrabaha unalipwa. Kodi ya mapato ya kampuni ni asilimia 30, lakini ni asilimia 30 ya faida. Faida ikipungua, kodi hiyo inapungua. Na faida, makamanda, inaandikwa na mtu aliyekaa mezani na kalamu.

Ngoja niwape kesi halisi. Kampuni ya African Barrick Gold, ambayo 2014 ilibadilisha jina ikawa Acacia, ilisajiliwa Uingereza na hisa zake zikauzwa London. Migodi yake ilikuwa hapa: Bulyanhulu, Buzwagi, North Mara. Kati ya 2010 na 2013 ililipa wanahisa wake gawio la zaidi ya dola milioni 400. Kipindi hichohicho kampuni zake za hapa nchini zilikuwa zikionyesha hasara kwenye vitabu. TRA ikauliza swali ambalo hata mama muuza chipsi angeuliza: kama huku ni hasara, hilo gawio limetoka wapi? Ikadai kodi ya zuio ya dola milioni 41 na kidogo. Kampuni ikasema sisi ni wakazi wa Uingereza, hatuhusiki. Machi 2016 Baraza la Rufani za Kodi likakubaliana na TRA. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Rufani.

Mnaona hapo? Hakuna aliyefunga kontena bandarini. Hakuna aliyeita televisheni. Ni maofisa walisoma taarifa ya gawio iliyochapishwa London, wakaiweka pembeni ya vitabu vya huku, wakapeleka hoja kwenye chombo cha sheria. Kazi ya kimyakimya, lakini ilisimama.

Sasa tuangalie 2017, mwaka ambao kila mtu alijifunza neno makinikia.

Machi 2017 Rais Magufuli akazuia kusafirisha mchanga wa madini. Makontena 277 yakakamatwa bandarini Dar es Salaam. Ikaundwa kamati ya Profesa Mruma, ikasoma ripoti Mei. Ikaja ya Profesa Osoro, ikasoma Juni. Julai TRA ikaiandikia Acacia hati ya madai: dola bilioni 190. Bilioni 40 kodi, bilioni 150 riba na adhabu. Jamani, hiyo ni zaidi ya mara tatu ya pato la taifa zima la Tanzania kwa mwaka ule. Mitaani watu wakaanza kugawana. Kila Mtanzania angepata ngapi? Wengine walishachagua aina ya gari.

Mheshimiwa Tundu Lissu, mtoto wa Ikungi, wakati huo Mbunge wa Singida Mashariki na Rais wa chama cha mawakili, TLS, alionya waziwazi. Alisema nchi imesaini mikataba, na mikataba hiyo inaturuhusu kushtakiwa nje, kwa hiyo tuangalie tunavyokwenda. Aliitwa msaliti, aliitwa wakili wa mabeberu. Yaliyompata Septemba mwaka uleule mnayajua, leo siyo mada yangu. Ninachotaka ni tuangalie hesabu ilivyoishia.

Oktoba 2017 Barrick, wenye hisa nyingi za Acacia, wakakubaliana na serikali: watalipa dola milioni 300 kumaliza madai. Makubaliano kamili yakasainiwa Januari 2020, ikazaliwa kampuni ya Twiga. Mei 2020 ikaingia awamu ya kwanza, dola milioni 100.

Piga hesabu. Bilioni 190 imekuwa milioni 300. Ni sawa na kumdai mtu shilingi milioni moja, akakulipa elfu moja na mia sita hivi, mkashikana mikono na kupiga picha.

Lakini tuwe wakweli, kwa sababu chama kisichosema ukweli wote hakina tofauti na wale. Makubaliano yale yalileta kitu. Serikali ilipata asilimia 16 ya hisa kwenye migodi ile bila kununua, na yakawekwa masharti ya kugawana manufaa ya kiuchumi nusu kwa nusu. Kabla ya hapo hatukuwa na hayo. Anayesema 2017 hakukupatikana chochote anadanganya. Na anayesema tulipata Noah anadanganya zaidi.

Hoja yangu ni kwamba ile bilioni 190 haikuwa kodi. Ilikuwa tarakimu. Kodi ni ile inayoweza kusimama mbele ya jaji ikiulizwa maswali. Milioni 41 ya 2016 ilisimama mbele ya Baraza. Bilioni 190 haikufika hata mlangoni.

Na tarakimu ina gharama. Julai 2017 Bunge lilipitisha sheria za madini kwa hati ya dharura. Miswada mizito, siku chache. Ndani yake zikafutwa leseni za kuhodhi maeneo ya madini, na Januari 2018 kanuni zikamalizia kazi. Kampuni tatu zilizopoteza leseni hizo zikaenda kwenye kituo cha Benki ya Dunia cha kusuluhisha migogoro ya uwekezaji, kule Washington. Hii haikuwa migogoro ya kodi, ni ya leseni. Lakini imetoka kwenye mwaka uleule na haraka ileile, na hela ya kulipia imetoka kwenye kodi zetu.

Winshear ya Kanada, mradi wa dhahabu wa Songwe: Oktoba 2023 tukamalizana kwa dola milioni 30. Indiana ya Australia, mradi wa nikeli wa Ntaka Hill, Nachingwea: Julai 2023 tulishindwa, tuzo ikawa zaidi ya dola milioni 109, mwaka 2024 tukapatana tulipe milioni 90. Montero ya Kanada, mradi wa Wigu Hill: Novemba 2024, milioni 27.

Thelathini, tisini, ishirini na saba. Jumla milioni 147. Makamanda, hiyo ni karibu nusu ya zile milioni 300 tulizoshangilia. Mkono wa kulia umepokea, wa kushoto umetoa. Na wa kushoto haukuonyeshwa kwenye taarifa ya habari saa mbili usiku.

Kuna mtu atasema: basi unatetea wazungu, tukae kimya watuibie. Hapana. Angalia jirani zetu Uganda. Mwaka 2010 kampuni ya Heritage iliuza sehemu yake ya mafuta ya Ziwa Albert kwa Tullow, kwa dola bilioni 1.45. Mamlaka ya mapato ya Uganda ikasema lipa kodi ya faida ya mauzo, jumla dola milioni 434. Heritage ikagoma, ikaenda usuluhishi London. Uganda haikukimbia. Ilikwenda na mawakili, na sheria iliyokuwepo kabla ya mauzo, na mwaka 2013 ikashinda. Kwa hiyo Mwafrika anaweza kushinda kesi ya kodi London. Anashinda kwa faili lililopangwa vizuri.

Turudi kwetu Mang'onyi. Mgodi ulijengwa na Shanta Gold. Hii kampuni ilisajiliwa Guernsey, kisiwa kidogo kati ya Uingereza na Ufaransa. Hisa zake zilikuwa zinauzwa London. Mwaka 2024 ikanunuliwa na kampuni ya kundi la ETC, ambalo kampuni yake mama iko Mauritius, ikaondolewa kwenye soko la London. Nasema haya bila tuhuma. Kusajili kampuni Guernsey siyo kosa, kununua kampuni siyo kosa. Tena kwa miaka kadhaa ilikuwa ni Shanta iliyokuwa ikiandika kwenye taarifa zake kwamba inaidai serikali mamilioni ya dola, marejesho ya VAT ambayo hayakulipwa kwa wakati. Kwa hiyo deni huwa linaenda pande zote mbili, tusisahau.

Lakini angalia kilichobadilika kwa sisi wa Singida. Kampuni ikiwa kwenye soko la hisa la London, inalazimika kuchapisha hesabu zake, na kijana wa Ikungi mwenye bando la mia tano anaweza kuzisoma. Ikitoka sokoni, dirisha hilo linafungwa. Yale yale yaliyoifanya TRA ishinde mwaka 2016, yaani taarifa ya wazi, ndiyo tunayapoteza.

Pia kuna kifungu cha 56 cha Sheria ya Kodi ya Mapato. Kinasema umiliki wa kampuni ya hapa ukibadilika kwa zaidi ya nusu, hata kama mauzo yamefanyika visiwani, sheria inaihesabu kampuni ya hapa kana kwamba imeuza mali zake, na kodi inaangaliwa. Kila mgodi unapobadilisha mikono huko nje, popote Tanzania, swali la kuuliza ni moja: kifungu cha 56 kimehesabiwaje? Mbunge wetu aulize. Diwani wetu aulize. Jibu linaweza kuwa kila kitu kimelipwa sawasawa. Vizuri, basi tuonyeshwe.

Sasa mtauliza, mwenye mashine ya alizeti pale Misuna anahusikaje na Guernsey? Anahusika sana. Ukikadiriwa kodi na TRA na hukubaliani, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inakupa siku 30 kuweka pingamizi. Lakini pingamizi halipokelewi mpaka ulipe kwanza kiasi usichobishania, au theluthi moja ya makadirio, chochote kilicho kikubwa. Kamishna anaweza kukupunguzia ukiwa na sababu nzuri. Ukikadiriwa milioni thelathini, tafuta milioni kumi ndipo useme umeonewa. Kampuni ya kimataifa ina mawakili wa kuandika hiyo sababu nzuri. Mteja wangu hana, anauza mashine. Wafanyabiashara wa Kariakoo waliofunga maduka Mei 2023 na tena Juni 2024 walikuwa wanalia na jambo la jamii hiyohiyo: wanatozwa bila kusikilizwa.

Kwa hiyo ugomvi wa kodi ni mmoja. Mkubwa anautumia kuchelewesha, mdogo unammaliza.

Tunafanya nini? Nina mambo manne, na yote yanawezekana hapa Singida kabla ya kuchukua dola.

La kwanza, halmashauri. Mgodi unadaiwa ushuru wa huduma na halmashauri ya wilaya, unaotokana na mauzo, siyo faida. Na Sheria ya Madini, kifungu cha 105, inataka mpango wa kila mwaka wa kusaidia jamii inayozunguka mgodi, uandaliwe pamoja na halmashauri. Vikao vya baraza la madiwani ni vya wazi. Nendeni. Kaeni kimya, mwe na daftari. Andikeni kiasi kilichoingia, tarehe, na kilikoenda. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litatisha kuliko maandamano.

La pili, mikataba. Tuna Sheria ya Uwazi na Uwajibikaji katika uziduaji ya 2015. Inataka mikataba ya madini, mafuta na gesi iwekwe hadharani, na wamiliki halisi wa kampuni wajulikane. Sheria hiyo haikuletwa na sisi wapinzani, ni ya kwao. Tuwadai waitii. Kila mgombea wetu awe na sentensi moja kwenye mkutano: mkataba wa mgodi huu uko wapi, tuusome?

La tatu, wataalamu. Nchi yenye maofisa wachache wanaojua kukagua mikopo ya kampuni mama haitakusanya kodi hata ikiwa na rais mkali kiasi gani. Sera yetu iseme wazi: tutaongeza wakaguzi wa kodi za kimataifa, tutawalipa vizuri wasihamie kwenye makampuni, na hawatapigiwa simu na mwanasiasa. Na marejesho ya VAT yalipwe kwa wakati, kwa mkubwa na mdogo. Serikali inayokaa na hela ya watu haina uso wa kudai hela yake. Na ile theluthi ya pingamizi ipunguzwe kwa wafanyabiashara wadogo.

La nne, Bunge. Sheria za rasilimali zisipite tena kwa hati ya dharura. Milioni 147 ndiyo bei ya haraka, na risiti tunayo.

Tena dunia inabadilika upande wetu. Novemba 2023 nchi 125 zilipiga kura Umoja wa Mataifa kuanza kazi ya mkataba mpya wa ushirikiano wa kodi, na waliosukuma hoja hiyo ni kundi la nchi za Afrika. Nchi 48 zilipinga, nyingi zikiwa tajiri. Mezani pale watakaa watu wanaojua kusoma vitabu vya hesabu. Kwa nini asiwepo kijana wa Singida? Wenye akili ya namba hapa ndani, someni uhasibu, someni sheria ya kodi. Chama kina wazungumzaji wa kutosha, mimi nikiwemo.

Mwaka 2017 tuliambiwa tutalipwa kwa sababu tumeonewa. Hakuna anayelipwa kwa sababu ameonewa. Analipwa mwenye ushahidi. Dhahabu ya Mang'onyi inachimbwa leo, wakati tunaongea, na ikishatoka ardhini hairudi. Kikao kijacho cha madiwani Ikungi tarehe itabandikwa ubaoni. Nataka watu watano wajiorodheshe kabla hatujatoka humu ndani. Daftari nitanunua mimi.